Kanzidata haijafa, iko kwenye foleni

Saa nne asubuhi ya siku yalipotoka matokeo ya kidato cha nne, mwalimu mkuu wa shule moja binafsi alinipigia simu. Salamu aliiruka. "Fundi, kanzidata imekufa!"

Ukurasa wa mwanzo wa tovuti ya shule yake ulikuwa mweupe, na katikati kulikuwa na sentensi moja tu ya Kiingereza: "Error establishing a database connection", yaani tovuti imeshindwa kuungana na kanzidata, ghala lake la data. Wazazi walikuwa wanaifungua kutafuta habari za watoto wao, wanaambulia hiyo. Kabla ya kumuuliza chochote kingine nilimuuliza: Mwalimu, umeshagusa nini? Akakohoa kidogo. Alikuwa ameshabadilisha nywila ya kanzidata na ameshafuta plagini mbili (vijiprogramu vya nyongeza vya tovuti) alizozitilia shaka. Muda ule ule alikuwa anajiandaa kufuta majedwali yote ili arejeshe nakala ya mwezi wa kumi na moja.

Nikamwambia aweke kipanya chini.

Kanzidata yenyewe ilikuwa nzima. Ilikuwa imekataa kuwapokea wageni zaidi mlangoni, basi. Tatizo ni kwamba kwa kubadilisha nywila alikuwa ameongeza kosa la pili juu ya la kwanza, na la pili sasa lilikuwa linalificha la kwanza. Katika kazi hii ya kukarabati tovuti nimekuta hali ya namna hii mara nyingi kuliko nilivyokuta kanzidata iliyoharibika kweli.

Umepanga chumba, hukujenga

Tovuti nyingi za shule, hoteli ndogo, makanisa, misikiti na blogu za habari zinakaa kwenye seva ya pamoja. Mashine ni moja, wateja ni mamia, kila mmoja ana folda yake na kanzidata yake, na wote wanahudumiwa na programu moja ya kuendesha kanzidata, MySQL au MariaDB. Aliyewahi kukaa nyumba ya kupanga yenye mita moja ya LUKU ataelewa haraka. Kila mpangaji ana mlango wake na kufuli lake, lakini akitokea mmoja anayepikia jiko la umeme mchana kutwa, uniti zinawaishia wote. Ndiyo maana wenye seva huweka vidhibiti. Wengi hutumia CloudLinux, inayompimia kila mteja kichakataji, kumbukumbu na idadi ya kazi zinazoendeshwa kwa wakati mmoja. MySQL nayo ina kipimo chake kiitwacho max_user_connections: idadi ya miunganisho ambayo mtumiaji mmoja wa kanzidata anaruhusiwa kuwa nayo wazi kwa mara moja.

Usishangae paneli ya kusimamia akaunti yako ikikuonyesha MariaDB wakati maelezo yote uliyosoma yanataja MySQL. MySQL ilitoka mwaka 1995, na mmoja wa waanzilishi wake, Michael Widenius, aliipa jina la binti yake, My. Baadaye kampuni iliyoimiliki iliuzwa, ikauzwa tena, na kufikia mwaka 2010 ilikuwa mikononi mwa Oracle. Widenius alikuwa ameshachepuka mwaka 2009 na kuanzisha MariaDB, jina la binti yake mdogo. Kwa kazi za kila siku ni ndugu wanaoelewana. Ugomvi wao utauona siku ya kuhama seva, na tutafika huko.

Sasa, ukurasa wa WordPress, programu inayoendesha tovuti nyingi za namna hii, si faili lililokaa mahali likisubiri kusomwa. Mgeni akibisha, PHP, lugha iliyoiandika WordPress, inaamka, inafungua faili la wp-config.php, inachukua humo vitu vinne (jina la kanzidata, jina la mtumiaji, nywila na anwani ya seva ya kanzidata), inagonga mlango wa MySQL, inauliza maswali kadhaa au makumi, inaunganisha majibu kuwa ukurasa, kisha inaondoka. Kwa muda wote huo mgeni huyo mmoja ameshika muunganisho mmoja.

Piga hesabu. Tuseme ukomo wako ni miunganisho 20. Ukurasa ukitumia sekunde 0.2 kutengenezwa, unaweza kuhudumia wageni 100 kila sekunde. Ukitumia sekunde 4, unahudumia 5. Seva ni ile ile, kifurushi ni kile kile. Tovuti iliyokuwa inajikokota kwa mwaka mzima bila mtu kulalamika huanguka siku ambayo watu wamekuja kwa wingi, na mwenye nayo anadhani kuna kitu kimeharibika siku hiyo.

Sentensi moja, makosa matano

WordPress hutoa sentensi ile ile kwa karibu kila sababu ya kushindwa kufika kwenye kanzidata. MySQL ina adabu zaidi: kila kosa lina namba yake. Kazi ya kwanza ya fundi ni kuitafuta namba hiyo.

Anza na phpMyAdmin, chombo cha kuitazama kanzidata kwenye kivinjari, kilichomo ndani ya cPanel, paneli inayotumiwa na wenye seva wengi. Hiyo haitumii nywila iliyo kwenye wp-config.php, huingia kwa njia yake. Ikifunguka na ukayaona majedwali yako, unajua tayari kwamba MySQL iko hai na data ipo. Hapo hakuna sababu ya kurejesha nakala yoyote. Kisha tengeneza faili dogo la PHP, ulipe jina lisilobashirika, uandike humo mistari hii ukitumia taarifa zilizomo kwenye wp-config.php:

<?php
mysqli_report(MYSQLI_REPORT_OFF);
mysqli_connect('localhost', 'mtumiaji', 'nywila', 'kanzidata');
echo mysqli_connect_errno();

Lifungue kwenye kivinjari, usome namba, kisha ulifute hapo hapo. Ukipata sifuri, mlango umefunguka.

Namba 1045 maana yake jina la mtumiaji au nywila si sahihi. Kwenye cPanel majina ya kanzidata na watumiaji hutanguliwa na jina la akaunti: ukitengeneza "wp" ndani ya akaunti "shule", jina kamili ni shule_wp. Wengi huandika "wp" peke yake, au wanahamia akaunti mpya na kubaki na kiambishi cha zamani. Kuna mtego mwingine mdogo: nywila yenye alama ya dola ndani ya nukuu mbili, PHP huisoma kama jina la kigeu. Tumia nukuu moja.

Ukikuta 1044, mtumiaji yupo na nywila yake ni sawa ila hajapewa ruhusa juu ya kanzidata hiyo. Kwenye paneli kutengeneza mtumiaji ni hatua moja na kumuunganisha na kanzidata ni hatua nyingine, na hii ya pili husahaulika.

2002 ni mlango usiopatikana kabisa. Ama MySQL imezimika, ama anwani si yenyewe. Kampuni nyingine huweka kanzidata kwenye mashine tofauti, na hapo "localhost" haitafaa. Anwani halisi huandikwa kwenye paneli. Kama hujagusa chochote na namba hii imejitokeza yenyewe, piga simu kwa mwenye seva. Huna la kufanya zaidi.

Zimebaki namba za foleni. Namba 1203 na 1226 zinasema wewe ndiye uliyejaza nafasi zako. 1040 inasema seva nzima imejaa, yaani hata majirani zako wamekwama, na wewe unaweza usiwe na kosa lolote.

Jambo moja la pembeni. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na intaneti kuzorota Afrika Mashariki, watu walidhani tovuti zao zimeanguka. Sentensi ile ya kanzidata ina faraja yake: kama umeweza kuisoma, basi intaneti yako imefika kwenye seva, PHP inafanya kazi, na kosa liko chumba cha ndani.

Siku ile ya matokeo, faili langu lilitoa 1045. Tukarudisha nywila ya zamani. Likatoa 1203. Sasa tulikuwa tunazungumza na tatizo lenyewe.

Nani ameshika mlango?

Ili kuona miunganisho inafanya nini, kuna amri ya SHOW FULL PROCESSLIST. Kwenye seva ya pamoja kila mtumiaji huona miunganisho yake tu, kwa hiyo phpMyAdmin, inayoingia kwa mtumiaji mwingine, inaweza kukuonyesha orodha tupu na kukudanganya kwamba pametulia. Niliifunga tovuti kwa dakika mbili foleni ipungue, nikaingia kwa terminali (dirisha la kuandika amri) ya cPanel nikitumia mtumiaji yule yule wa tovuti, kisha nikaifungua nikiwa natazama.

Orodha ilijaa upesi, na karibu kila mstari ulisema kitu kimoja: unasubiri kufuli la jedwali. Jedwali lenyewe lilikuwa moja, la plagini ya kuhesabu wageni. Chini ya kila ukurasa wa tovuti ya shule kulikuwa na kisanduku cha "Wageni wa leo", kile ambacho wenye tovuti hukipenda sana. Kila mgeni alipoingia, plagini iliandika mstari mpya, halafu ikahesabu upya jedwali zima lenye mistari mamia ya maelfu ili ipate tarakimu ya kuonyesha. Na jedwali hilo lilikuwa la MyISAM.

Hapa ndipo penye kiini. MySQL ina namna zaidi ya moja ya kutunza jedwali. MyISAM ni ya zamani: anayeandika hufunga jedwali zima, na anayesoma humzuia anayetaka kuandika. InnoDB hufunga mstari unaoguswa tu, na wasomaji hawawazuii waandishi. Tangu MySQL 5.5, mwaka 2010, jedwali jipya huzaliwa likiwa InnoDB, lakini lililozaliwa MyISAM hubaki hivyo miaka yote mpaka mtu alibadilishe. Kwa wageni kumi kwa saa hutaona tofauti. Kwa wazazi mia tatu kwa dakika moja, kila mmoja anasubiri aliyetangulia amalize kuhesabu, huku ameshika muunganisho wake. Wa ishirini na moja anakuta mlango umefungwa, na anaonyeshwa ile sentensi.

Plagini ile tuliizima. Foleni iliisha kabla Mwalimu hajamaliza kuuliza kama itawezekana kubakisha kisanduku.

Baadaye, mambo yalipotulia, nilichukua nakala na kubadilisha majedwali yote yaliyobaki ya MyISAM, moja moja, kwa amri ya ALTER TABLE ikifuatiwa na jina la jedwali na ENGINE=InnoDB. Aina ya kila jedwali unaiona kwenye orodha ya phpMyAdmin, upande wa kulia. Tukaweka pia plagini ya kache, inayohifadhi ukurasa uliokwisha kutengenezwa ili mgeni anayefuata apewe huo huo bila MySQL kuamshwa. Kwa tovuti ambayo wengi wanakuja kusoma tu, hakuna dawa nyingine ya bei hiyo yenye nguvu hiyo. Na ukiweka faili liitwalo db-error.php ndani ya folda ya wp-content, WordPress italionyesha hilo badala ya ile sentensi. Andika humo kwa Kiswahili cha kawaida kwamba tovuti imezidiwa, na namba ya simu ya ofisi. Mzazi akiambiwa asubiri dakika tano atasubiri.

Likivunjika kweli

Jedwali la MyISAM linaweza kuvunjika, hasa seva ikizimika ghafla katikati ya kuandika. Utaambiwa limewekewa alama ya "crashed". Amri ya REPAIR TABLE hulitibu mara nyingi, na phpMyAdmin ina kitufe chake. WordPress nayo ina ukurasa wa kukarabati unaowashwa kwa kuandika define('WP_ALLOW_REPAIR', true); kwenye wp-config.php, kisha kufungua /wp-admin/maint/repair.php. Kumbuka kwamba ukurasa huo haudai nywila. Mpita njia yeyote anaweza kuuendesha, kwa hiyo mstari ule uondoe mara tu ukimaliza.

REPAIR TABLE haifanyi kazi kwa InnoDB. InnoDB huandika kwanza kwenye daftari lake la mabadiliko, na MySQL ikiwaka tena hulisoma daftari hilo na kujirekebisha yenyewe. Ikishindwa, kazi hiyo ni ya mwenye seva na mpangaji hana ufunguo wake.

Kuna ugonjwa mwingine unaofanana na kuvunjika: tovuti inasomeka lakini haiandikiki. Maoni hayaingii, makala mpya hazihifadhiki, na kwenye kumbukumbu za makosa unakuta 1142. Baadhi ya wenye seva wameweka ukomo wa ukubwa wa kanzidata, na ukiupita wanakunyang'anya ruhusa ya INSERT mpaka upunguze. Masharti hayo yako ndani ya mkataba ambao hakuna aliyeusoma.

Mizigo isiyo na mwenyewe

Ukiniuliza jedwali moja la kukagua kila baada ya miezi mitatu, nitakutajia wp_options. Lina safu iitwayo autoload. Kila mstari uliowashwa autoload hupakiwa kwenye kumbukumbu kila ukurasa unapotengenezwa, uhitajike usihitajike. Plagini huweka mipangilio yake humo, na nyingi zikifutwa huiacha. Nimewahi kukuta tovuti ya hoteli inayobeba MB 6 za mipangilio ya plagini nne zilizoondolewa zamani, na inazibeba kwa kila mgeni anayekuja kutazama bei ya chumba. Tangu toleo la 6.6 la mwaka 2024, WordPress yenyewe hukuonya mzigo huo ukipita takriban KB 800. Kuwajua wazito, endesha hii kwenye phpMyAdmin:

SELECT option_name, LENGTH(option_value) AS ukubwa FROM wp_options WHERE autoload IN ('yes','on','auto','auto-on') ORDER BY ukubwa DESC LIMIT 20;

Ukiona jina lenye kiambishi cha plagini uliyokwisha kuifuta, usikimbilie kufuta mstari. Badilisha autoload yake iwe 'no', kaa wiki moja, uone kama kuna kitakacholalamika. Kufuta kuna wakati wake.

Mengine ni ya kupitia haraka. Matoleo ya zamani ya makala huhifadhiwa bila ukomo usipoweka WP_POST_REVISIONS. Matano yanatosha kwa mtu yeyote asiyeandika katiba. Wenye duka la WooCommerce watazame majedwali yanayoanza na wp_actionscheduler, maana hunenepa kimya kimya. Maoni ya takataka yafute. Na OPTIMIZE TABLE, ambayo watu huiendesha kila wiki kama dozi, ina maana baada ya kufuta vitu vingi tu. Kwenye InnoDB hujenga jedwali upya, na hilo linadai nafasi ya ziada ya muda. Ile sentensi inayotoka kwamba jedwali haliruhusu "optimize" na badala yake linatengenezwa upya si kosa. Iache.

Ng'ombe kama kipimo

Waandishi wa Kiingereza hupima usimbaji wa herufi, yaani namna kompyuta inavyozigeuza herufi kuwa baiti, kwa majina ya Kifaransa. Sisi tuna ng'ombe.

Makala ikiandikwa kwenye Word na kubandikwa kwenye tovuti, ile ritifaa (alama ya ' katika ng') mara nyingi huja imepinda, na ritifaa iliyopinda huchukua baiti tatu kwenye UTF-8, usimbaji wa kisasa. Kanzidata ikizisoma baiti hizo tatu kwa usimbaji wa zamani unaoitwa latin1, kila moja inageuka herufi yake, na kwenye ukurasa unapata "ngâ€™ombe". Ukikuta hivyo baada ya kuhama, data yako kwa kawaida haijapotea. Inasomwa kwa miwani isiyo yake. Kosa kubwa hapo ni kuamuru jedwali ligeuzwe kwa CONVERT TO CHARACTER SET, kwa sababu MySQL itaamini kwamba zile â na € ndizo herufi ulizokusudia, na itazigeuza kwa uaminifu mkubwa. Kwanza ibadilishe safu iwe ya aina ya baiti tupu (LONGBLOB, kama ilikuwa LONGTEXT), kisha irudishe kuwa LONGTEXT yenye utf8mb4. Hatua ya kwanza inaisahaulisha kanzidata miwani ya zamani. Fanya hivyo juu ya nakala kwanza.

Chagua utf8mb4, si utf8. Kile ambacho MySQL ilikiita utf8 kwa miaka mingi huishia baiti tatu kwa herufi, na emoji zinahitaji nne. Mtu anatuma maoni yenye uso unaocheka, kanzidata inayakataa kwa namba 1366.

Kwa tovuti zilizoandikwa kwa mkono, ritifaa ile ile hufichua jambo zito zaidi. Fomu ya usajili inafanya kazi vizuri kwa Juma, Neema na Mwanaidi, lakini inagoma kwa Ng'wandu na kutoa 1064. Sababu ni kwamba aliyeiandika amebandika jina moja kwa moja ndani ya amri ya SQL, lugha ya kuiuliza kanzidata, na MySQL inadhani jina limeishia kwenye "Ng". Watu wa Usukumani wanaiona kama usumbufu wa kawaida: wanaandika Ngwandu, wanaendelea. Kumbe fomu inayovunjwa na ritifaa ya jina la mtu inaweza pia kuamriwa na mtu mwenye nia mbaya, kwa kuongeza SQL yake baada ya ritifaa hiyo. Dawa ni maulizo yaliyoandaliwa kabla, kwa PDO au mysqli (njia mbili za PHP za kuzungumza na kanzidata), ambamo jina hupelekwa kama data na haliwezi kugeuka amri. Ukiwa humo ndani, tazama pia kama wanatumia mysql_connect; amri hiyo iliondolewa kwenye PHP 7.0 mwaka 2015, na siku mwenye seva atakapopandisha toleo, tovuti itazimika.

Siku ya kuhama

Hapa ndipo mabinti wawili wa Widenius wanapokosana. Nakala iliyotolewa kwenye MySQL 8.0 huja na mpangilio wa herufi uitwao utf8mb4_0900_ai_ci. Seva nyingi za MariaDB hazikuwa zikiujua, wala MySQL 5.7 haiujui; uingizaji unakatika kwa 1273. Fungua faili la nakala kwa kihariri cha maandishi na ubadilishe jina hilo popote lilipo liwe utf8mb4_unicode_520_ci.

Mabadiliko ya namna hiyo yaishie hapo. Usithubutu kubadilisha anwani ya tovuti kwa kutafuta na kubandika ndani ya faili. WordPress huhifadhi mipangilio mingi kwa mtindo wa PHP unaotaja urefu wa kila neno: s:19:"http://www.mfano.tz". Ukigeuza http kuwa https, herufi zinakuwa 20 lakini hesabu inabaki 19, na PHP inautupa mpangilio wote. Tovuti inafunguka, ila menyu za pembeni zimetoweka na mwonekano umerudi wa kiwandani. Tumia amri ya search-replace ya WP-CLI, chombo cha kuiendesha WordPress kwa amri za maandishi, inayofungua kila mpangilio, kubadilisha na kuhesabu upya.

Na ukifungua tovuti iliyohamishwa ukakuta WordPress inakukaribisha usakinishe upya, usijaze kitu. Kanzidata ni tupu, au kiambishi cha majedwali kwenye wp-config.php hakilingani na kilichomo. Rekebisha $table_prefix, ukurasa huo utaondoka.

Nakala

Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi kodi za programu, alifuta folda ya data kwenye seva isiyo yenyewe. Takriban GB 300 ziliondoka. Walikuwa na njia tano za kuhifadhi nakala, na hakuna hata moja iliyowasaidia kama walivyotarajia; waliokolewa na picha ya diski aliyoichukua mtu kwa kazi nyingine saa sita kabla. Ile nakala ya kila siku ilikuwa inashindwa kwa muda mrefu, na barua pepe za kuwaonya zilikuwa zinakataliwa na seva ya barua. Miaka minne baadaye, tarehe 10 Machi 2021, jengo la seva la OVH, kampuni ya kukodisha seva, mjini Strasbourg, Ufaransa, liliteketea. Walikuwamo wateja waliolipia nakala, na nakala zao zilikuwa pale pale.

Kwa hiyo nakala iliyo kwenye seva ile ile ya tovuti siihesabu. Iende kwenye kompyuta yako, kwenye Google Drive, popote palipo nje ya jengo lile. Usiiache kamwe ndani ya public_html, folda inayoonekana na kila mtu mtandaoni, kwa jina kama backup.sql: kuna roboti zinazopita usiku na mchana kuulizia majina hayo hayo. Kanzidata ya shule ina majina ya watoto na simu za wazazi, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayotumika tangu Mei 2023, Kenya ina ya kwake ya mwaka 2019. Hutaki kuwa mfano wa mahakamani.

Kisha ijaribu. Tengeneza tovuti ndogo ya majaribio na kanzidata tupu, ingiza nakala, elekeza wp-config.php huko, uendeshe search-replace ili anwani iwe ya majaribio, kisha uifungue uone. Inachukua nusu saa.

Wiki moja baada ya matokeo, nilikwenda shuleni kwa Mwalimu tufanye zoezi hilo. Tukachukua ile nakala ya mwezi wa kumi na moja, ambayo nusura afute majedwali yote kwa kuitegemea. Kazi ya cron, amri inayojiendesha yenyewe kwa ratiba, ilikuwa inatengeneza faili jipya kila Jumapili bila kukosa, majina yamepangika vizuri kwa tarehe. Lakini fundi aliyenitangulia alikuwa amebadilisha nywila mwezi wa kumi na kuiacha ya zamani kwenye cron. mysqldump, amri ya kutoa nakala, ilikuwa inakataliwa mlangoni kwa 1045, haitoi kitu, na gzip, amri ya kubana faili, ilikuwa inafunga huo utupu kwa uangalifu.

Mwalimu akavaa miwani, akasogea karibu na kioo, akaisoma kwa sauti ile safu ya ukubwa wa faili. Kila Jumapili, baiti 20.